Mvua za kiangazi Pwani: Si kila wingu la Januari ni masika

KILA mwaka, kati ya Januari na mwanzoni mwa Machi, wakulima wa Tanga, Pwani, Dar es Salaam na visiwa vya Unguja na Pemba hukabiliwa na swali lile lile. Mvua inanyesha leo Kibaha, kesho Muheza, keshokutwa jua linarudi kama kawaida. Je, wapande au wasubiri?

Swali hilo lina gharama. Anayepanda kwa pupa huiona mbegu ikichipua na kukauka ndani ya wiki mbili, akalazimika kurudi dukani kununua nyingine. Anayekawia naye hupoteza siku za mwanzo za masika, ambazo mahindi yanazihitaji sana.

Ili kupata jibu, ni vyema kwanza kuelewa mvua hizo zinatoka wapi.

Katika miezi hiyo ukanda mvua huwa umesogea kusini. Ndiyo maana Lindi, Mtwara na Ruvuma, zenye msimu mmoja wa mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, huwa katikati ya msimu wao wakati Pwani ya kaskazini iko kiangazi, vuli ikiwa imekwisha Desemba na masika yakisubiriwa Machi. Upepo unaovuma ni kaskazi.

Hata hivyo, bahari huwa na joto na hewa yake imejaa unyevu. Unyevu huo ukisukumwa nchi kavu hufanya wingu dogo, likamwaga maji kijiji kimoja na kukiruka cha pili. Hiyo ndiyo mvua ambayo taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huieleza kuwa ya vipindi vifupi katika maeneo machache. Maneno "maeneo machache" yana uzito wake, kwa sababu yanamwambia mkulima kwamba shamba lake huenda lisipate hata tone.

Jambo la pili ni migandamizo midogo ya hewa katika Bahari ya Hindi. Kuanzia Novemba hadi Aprili, migandamizo hiyo hujitokeza mara kwa mara karibu na Madagascar na katika Mkondo wa Msumbiji, na baadhi hukua na kuwa vimbunga. Wengi wakisikia habari hiyo redioni huamini kwamba mvua inakuja. Lakini kinachoamua ni mahali mgandamizo ulipo.

Mfano mzuri ni miaka miwili iliyofuatana. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilitokea upande wa mashariki wa Madagascar. Vikiwa huko, pepo za magharibi zilivuta unyevu kutoka misitu ya Kongo, na nchi za Afrika Mashariki zikapata mvua kubwa kuliko kawaida. Machi 2019, kimbunga Idai kilikaa katika Mkondo wa Msumbiji kabla ya kuipiga Beira. Safari hii unyevu ulivutwa kwenda kusini, na maeneo mengi ya Afrika Mashariki yakachelewa kupata mvua za masika. Waliokuwa wamepanda kwa kutegemea manyunyu ya awali walipata hasara.

Hali hubadilika kabisa pale mgandamizo unaposogea karibu na ufukwe wetu. Hilo hutokea kwa nadra, kwa kuwa vimbunga havipati nguvu kirahisi karibu na Ikweta, lakini hutokea. Aprili 1872 kimbunga kiliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilidhoofika kabla ya kufika nchi kavu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia eneo la Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Malori na mabasi yalikwama, na bidhaa zikachelewa kufika sokoni.

Kwa wafanyabiashara wadogo, hata mvua ya nusu saa inatosha kuharibu mtaji. Mwenye mashamba ya chumvi hungoja siku nyingi za jua maji yakauke, na mvua moja huiyeyusha chumvi iliyokwisha kuganda. Mwani wa Unguja ukinyeshewa ukiwa umeanikwa hupauka na kushuka bei. Dagaa wa baharini, ambao wachuuzi huwafikisha hadi Kongo, wakilowa huharibika na mnunuzi huwakataa. Na kwa mkulima wa korosho ambaye bado anaokota mwezi Januari, korosho zilizolala chini zikilowa zinaweza kuishia daraja la pili ghalani.

Kwa hiyo, nini kifanyike?

Kwanza, mkulima atumie kiangazi kuandaa shamba, si kumaliza mbegu. Manyunyu ya Februari yanafaa kwa kulainisha udongo na kuotesha magugu yapaliliwe mapema. Anayetaka kupanda achimbe kwanza kwa jembe. Kama unyevu haujafika sentimeta 15 hivi kwenda chini, mvua hiyo imelowesha vumbi tu. Mwenye bonde au kisima anaweza kupanda mchicha na matembele, ambayo hayasubiri masika.

Pili, mwelekeo wa msimu wa masika, ambao TMA huutoa kabla ya Machi, usomwe hadi mwisho. Mvua za "wastani" si ahadi kwamba zitaanza mapema, wala kwamba zitanyesha kwa mtawanyiko mzuri. Tarehe za kuanza na kuisha zinazotajwa humo ndizo zenye manufaa zaidi kwa mpandaji.

Tatu, mwenye kuanika mali afuatilie utabiri wa kila siku na awe na turubai na vichanja karibu. Gharama ya turubai ni ndogo ikilinganishwa na mzigo mzima wa dagaa.

Nne, wavuvi na wasafirishaji wazingatie ngazi za tahadhari: rangi ya njano ni angalizo, ya machungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, mambo yanayotajwa mara nyingi katika taarifa hizo, si hali ya mtumbwi mdogo kutoka.

Masika yana dalili zake: kaskazi hupungua nguvu, kusi huanza kuingia, na mvua hurudi siku baada ya siku badala ya kupita njia. Mpaka hapo, mbegu ibaki ghalani.