Mwacheni Shosho Ashike Kijiko

Nitasema kitu na familia yangu itakasirika: upendo wetu ndio unamkalisha shosho kwenye kiti.

Tangu apate kiharusi mwezi wa pili, mkono wake wa kulia haumtii, basi sisi tunafanya kila kitu. Anti anamlisha, mimi namfunga vifungo vya sweta. Akijaribu mwenyewe tunaruka wote: "Wacha shosho, utajimwagia!" Si ati tuna roho mbaya. Lakini nimekuwa nikisoma, na manze, nimeona aibu.

Daktari Norman Doidge aliandika kitabu 2007, The Brain That Changes Itself. Ndani kuna stori ya profesa mmoja, Pedro Bach-y-Rita, aliyepigwa na kiharusi 1959. Kijana wake George alikuwa anasomea udaktari, na mambo ya kurudisha viungo hakuyajua hata kidogo. Akamfundisha babake kutambaa kama mtoto, hadi nje ya nyumba. Majirani wakasema ni aibu, profesa mzima kutambaa kama mbwa! Wao wakaendelea tu. Baada ya mwaka hivi mzee akarudi kufundisha. Alipokufa miaka baadaye, ubongo wake ulichunguzwa na ile sehemu iliyoharibika ilikuwa bado imeharibika vibaya. Sehemu zingine ndizo zilijifunza kazi yake.

Humo humo kuna Edward Taub, ambaye huvalisha wagonjwa glavu nene kwenye mkono mzima ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Anasema mgonjwa anaweza kujifunza kutoutumia mkono. Na sisi, wasee, ndio walimu.

Usikimbie kumfunga mtu mkono leo. Tiba hiyo inataka mkono unaosogea kidogo, na mtu wa fizio ndiye anaamua. Wetu alishatupea karatasi ya mazoezi. Unajua iko wapi? Kwa friji, chini ya bili ya stima. Miezi mitatu. Mimi nimesoma vitabu vya Wazungu kabla ya kusoma karatasi ya shosho.

Jana nilifuata namba moja: kijiko, mkono wa kulia, bila haraka. Ilichukua dakika 40 na uji mwingi ulienda kwa leso. Anti haniongeleshi.

Shosho naye ameuliza leo jioni ni uji wa nini.