Manyanga si matatu tu

Ukisema manyanga Nairobi, kila mtu anawaza matatu: grafiti, besi, taa. Mimi nawaza kibuyu kidogo kilichokauka, mbegu zikigongana ndani. Hayo ndiyo manyanga ya kamusi.

Juzi nilikitafuta sokoni Kianjokoma, nimpelekee mtoto wa dada yangu. Wapi! Plastiki tupu. Cucu akacheka: "Nani atapanda kibuyu mahali pa majani chai?"

Hapo ndipo ninapokasirika. Kibuyu hakiombi ekari, hutambaa tu kwenye fensi. Unakiacha mpaka kikonyo kikauke, unatikisa, kinalia. Kichezeo tayari, bila betri.

Na msiniambie eti viko makumbusho. Kibuyu cha kabatini hakizai, na mbegu huzeeka. Tena maua huchavushana: panda vidogo karibu na vile vikubwa vya uji, na mbegu utakazovuna zitakupa umbo lingine kabisa. Udogo wake hudumu pale tu mtu anapoutunza, msimu baada ya msimu.

Sheria ya 2012 ilitutisha: kugawana mbegu zisizosajiliwa, faini hadi shilingi milioni 1 au jela miaka 2. Mahakama Kuu ilifuta vifungu hivyo 2025. Kisingizio kimeisha, bana.

Sisi wa tao tunatundika vibuyu ukutani, tunapiga picha, tunaandika "mizizi". Mizizi gani isiyojua udongo? Cucu amenipa mbegu nne. Nimezipanda kwenye ndoo, hapa kwa balkoni. Zikizaa, njoo na ndoo yako.