Bawabu wa Tovuti na Viungo Vyake

Tovuti nyingi huwekewa mbele seva iitwayo proksi, mfano wa bawabu: hupokea maombi na kuyapeleka kwa programu iliyo ndani. Programu isiyojua anwani ya nje huletewa jina la tovuti pamoja na ombi. Utaratibu wake uliwekwa na kanuni RFC 7239 ya mwaka 2014.

Hapo ndipo penye hatari. Mwovu huomba neno la siri la mwingine libadilishwe, akitaja jina la tovuti yake mwenyewe. Programu isiyohakiki humpelekea mwenye akaunti kiungo cha uongo. Akikifungua, ufunguo wa siri humfikia mwovu.

Lawama si ya mtumiaji. Hapana budi proksi ifute majina yaletwayo na wageni, na anwani halisi iandikwe katika mipangilio ya programu. Mgeni hamtajii mwenyeji jina la nyumba yake.