Ligi ndogo ya kikapu katika barabara ya Iringa na Mbeya

Na Tumaini Sanga

Ligi ndogo ya kulipwa ni ile ambayo mchezaji analipwa kwa kucheza, ila malipo yenyewe hayamtoshi kuacha kibarua kingine, au yanamtosha kwa miezi ya msimu tu. Iko juu ya mabonanza na chini ya ligi kuu. Katika mpira wa kikapu, kazi yake kubwa ni kugawa dakika. Mchezo wa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la kimataifa, una robo nne za dakika 10, wachezaji watano wako kiwanjani kwa wakati mmoja, na kikosi kina watu 12. Kila timu basi ina dakika 200 za kugawana. Kwenye timu kubwa, wazoefu saba au wanane huzimaliza karibu zote, na kijana aliyekaa mwisho wa benchi hurudi nyumbani na jezi kavu. Mazoezi hayawezi kumfundisha kupiga mitupo huru miwili wakati timu yake iko nyuma kwa pointi moja na ukumbi mzima unampigia kelele. Hilo hujifunzwa mchezoni, na mchezo huo lazima uchezwe mahali fulani.

Marekani, nchi yenye ligi kubwa kuliko zote, ilianza na ndogo. Aprili 1946, wiki chache kabla ya kuundwa kwa ligi iliyokuja kuwa NBA, timu sita ziliungana kucheza mashariki mwa Pennsylvania: Allentown, Hazleton, Lancaster, Reading na Wilkes-Barre, pamoja na Binghamton ya jimbo jirani la New York. Hazleton na Wilkes-Barre ilikuwa miji ya machimbo ya makaa ya mawe. Wachezaji walikuwa na kazi zao wiki nzima, wakicheza mwisho wa juma, na mji mmoja haukuwa mbali na mwingine. Ligi hiyo ilikua, ikabadili jina kuwa CBA, ikadumu hadi 2009. Humo ndimo Phil Jackson alimojifunzia ukocha. Aliipa Albany Patroons ubingwa mwaka 1984, kabla ya kutwaa mataji 11 ya NBA akiwa na Chicago na Los Angeles.

Mwaka 2001 NBA nayo ilianzisha ligi yake ndogo, ambayo leo inaitwa G League. Ilianza na timu nane tu, zote za kusini mashariki mwa nchi, katika miji ya wastani kama Huntsville, Roanoke na Fayetteville. Nchi ile ina fedha na ndege za kutosha kuanza na timu kutoka pwani hadi pwani, lakini waanzilishi walichagua ukaribu. Ligi changa nyingi hufa kwa sababu ya nauli.

Watanzania waliisikia ligi hiyo kupitia Hasheem Thabeet. Kijana huyo wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili katika usajili wa NBA wa mwaka 2009, mbele ya James Harden. Februari 2010, Memphis Grizzlies ilimpeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo huko North Dakota. Hadi wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa. Kuiita safari ile adhabu ni kutoielewa. Memphis haikuwa na dakika za kumpa, Dakota ilikuwa nazo. Jambo la kusikitisha ni kwamba mchezaji wa kimo kile alihitaji kuvuka bahari ndipo akutane na ligi ya kumlea.

Malipo ya huko nayo ni fundisho. Msimu wa 2018/19 mshahara wa msingi wa G League ulikuwa dola 35,000 kwa miezi mitano, wakati mchezaji mpya wa NBA hakulipwa chini ya dola 838,464. Pengo ni kubwa mno, na bado vijana wanapigania nafasi, kwa kuwa ngazi ya kupandia wanaiona kwa macho.

Nchini Tanzania ngazi hiyo ina kidato cha juu na cha chini, na vya kati havipo. Kilele kinaonekana: Dar City ilifuzu msimu wa 2026 wa BAL, ligi ya klabu za Afrika, ikiwa klabu ya kwanza ya nchi kufika huko. Chini yake iko ligi ya mkoa wa Dar es Salaam, BDL, yenye majina kama JKT, Savio, Pazi na Vijana. Mikoani, kipimo kikubwa ni Ligi ya Taifa na Taifa Cup, mashindano ambayo timu hukusanyika mji mmoja kwa siku chache, kama ilivyokuwa Dodoma mwaka 2020. Timu ya Mbeya au Iringa inaweza kujiandaa miezi kadhaa, ikacheza michezo michache na kurudi. Mwenye kipaji anajua la kufanya: anahamia Dar, anakaa benchi.

Nyanda za Juu Kusini hazijakosa watu. Kwa vyuo vikuu, Iringa kuna Mkwawa, RUCU na Chuo Kikuu cha Iringa; Mbeya kuna MUST, TEKU na ndaki ya Mzumbe. Kambi za JKT ziko Mafinga na Itende. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, huibua vijana wa kikapu kila mwaka. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inaunganisha Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya na Tunduma, na Njombe iko kilomita 60 hivi kutoka Makambako. Hiyo ni miji sita, sawa na ile ya mwaka 1946. Coaster moja inabeba kikosi cha watu 12 na benchi la ufundi, na nafasi zinabaki kwa mashabiki.

Ugumu uko kwenye kalenda, na hapo ndipo mipango mingi itakapokwama. Viwanja vingi vya kikapu viko nje. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei mwanzoni. Saruji iliyolowa haichezeki: maji hutuama chini ya goli, pale miguu ilipochimba sakafu kwa miaka, mpira unakosa mdundo na raba zinateleza. Kiangazi kikikolea, vyuo vinafunga. Ikifika mwisho wa Julai au Agosti wanafunzi wametawanyika, na nusu ya kikosi iko Mwanza au Moshi. Kinachobaki ni Mei, Juni na mwanzo wa Julai, wiki kumi hivi. Timu sita zikikutana nyumbani na ugenini, kila moja hucheza michezo 10. Msimu unaenea humo bila kubanwa, mradi michezo ichezwe alasiri, kwa maana jioni ya Juni pale Mbeya baridi hukakamaza vidole. Miezi ya Agosti hadi Oktoba ibaki kwa kombe la mtoano la wakazi, wafanyakazi na askari.

Fedha ni suala la pili, na lina mfano wa nyumbani. Halmashauri ya Jiji la Mbeya iliunda Mbeya City mwaka 2011, na katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, timu ikamaliza ya tatu. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la FA mwaka 2019, mwaka uliofuata ikashuka daraja. Basi halmashauri na wafanyabiashara wa kanda hii wanajua kulea timu, lakini soka la Ligi Kuu huwadai safari za mbali. Kikapu cha miji sita hakidai hayo. Kinadai mafuta ya Coaster, posho za waamuzi, na malipo kwa kila mchezo ambayo mchezaji anayapata siku hiyohiyo, hata yakiwa madogo. Ahadi kubwa isiyolipwa ndiyo huvunja timu.

Lipo pia jambo lisilohitaji fedha nyingi: meza ya waamuzi. Kila mchezo uwe na watu waliofunzwa kujaza karatasi ya mchezo, kuandika pointi, rebaundi, pasi za mwisho na dakika za kila mchezaji, na karatasi hizo zifike TBF, shirikisho la kikapu la Tanzania, kila Jumatatu. Kocha wa timu ya taifa akae Dar es Salaam asome kwamba kijana wa Mafinga amecheza dakika 34 kwa wastani katika michezo 10, na asilimia yake ya mitupo huru, kabla hajaita kikosi.