Tusiung'oe Mchongoma

Imekuwa desturi katika vijiji vyetu, mtu akijenga nyumba ya bati, kazi yake ya kwanza ni kufyeka kila kilichoota kiwanjani, nao mchongoma huwa wa kwanza kuanguka. Kisha hutafuta lantana yenye maua ya rangi rangi, akaipanda kuwa ua, akajiona kuwa mji wake umestaarabika. Mimi nasema huo si ustaarabu. Ni kuwanyang'anya watoto wetu chakula kwa mikono yetu wenyewe.

Tuulize lantana ina faida gani. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, nayo ililetwa kwa ajili ya uzuri wake. Ndege hula matunda yake na kuzitawanya mbegu, hata imeingia mashambani na malishoni, na kuimaliza ni taabu kubwa. Tena majani yake ni sumu kwa ng'ombe na kondoo. Huyo ndiye mgeni tuliyempa kiti, na mwenyeji tumemtoa nje.

Mchongoma ni wa nchi hii. Ukiisha kushika mizizi hustahimili kiangazi, wala haumwamuru mama kutwika mtungi kwenda kisimani kwa ajili yake. Matunda yake yakiiva huwa mekundu ya kuiva sana au ya zambarau, matamu yenye ukali kidogo. Huliwa mabichi, au hupikwa kwa sukari yakawa jamu. Wataalamu wa mimea wameuita Flacourtia indica, kwa heshima ya Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa Wafaransa huko Madagaska katika karne ya 17. Hata Florida, katika Marekani, watu wameupanda bustanini. Watu wa mbali wameupa jina la gavana, nasi twauita mti wa ngedere!

Najua majibu ya wapinzani. Wa kwanza asema, una miiba. Naam, unayo, na ndiyo sababu wazee waliufanya ua: mbuzi haupenyi, wala mwivi. Wa pili aleta methali, kwamba kuupanda mchongoma si kazi, kazi ni kushuka. Ndugu yangu, methali yasema habari ya kuupanda kwa miguu. Mimi nasema habari ya kuupanda kwa jembe. Chukua upembo, usimame chini, uchume. Wa tatu, msomaji wa Injili, atanikumbusha neno la Bwana wetu juu ya zabibu na miiba. Lakini Bwana alikuwa akituonya juu ya manabii wa uongo, tuwapime kwa matunda yao. Basi na tuupime mchongoma na lantana kwa kipimo hicho hicho, tuone ni upi utakaosimama.

Atakaye kuupanda asikilize. Panda miche wakati wa mvua, kwa safu, mbali kidogo na njia wapitapo watoto. Palilia mwaka wa kwanza, umwagilie maji kiangazi cha kwanza kikiwa kikali. Baadaye kazi iliyobaki ni kuukata matawi mara moja kwa mwaka, matunda yakiisha. Lakini jua neno hili: mara nyingi mchongoma una miti dume na miti jike, kila mmoja mbali. Wengi hukata dume wakisema ni tasa, kumbe unga wa maua yake ndio uwapao majike kuzaa. Apandaye mbegu hawezi kutambua mpaka maua yatoke. Kwa hiyo apande miche mingi. Atakaye jike kwa hakika, na achimbue chipukizi litokalo katika mzizi wa mti uliokwisha kuzaa.

Vichaka vyafyekwa kila mwaka kwa mashamba na kwa makaa. Zamani mtoto alichuma chongoma akirudi kutoka malishoni. Leo hupewa senti akanunue peremende. Tusipoupanda mti huu miji kwetu, wajukuu wetu wataujua kwa methali tu. Walimu na wazee wa kanisa, mvua zijazo zisitukute tumekaa. Tuanze na ua wa shule na wa kanisa, ili watu waone, wapate kuomba miche.