Kinyago Kimtishe Kwanza Aliyekichonga

Kuna wimbo umetuchosha kwenye vijiwe vya waandishi chipukizi. Unaimbwa hivi: sisi hatuna vifaa. Hatuna wachapishaji, hatuna wafadhili, hatuna muda, ndiyo maana hadithi zetu za kutisha hazitishi. Jamani, hebu tuache longolongo. Wasomaji wetu wanatukimbia. Wanakwenda kutazama sinema za Marekani, na usiku wanamwota Michael Myers, siyo jini letu tuliyemhangaikia kurasa arobaini. Hivi mnajua sura ya huyo Myers iligharimu kiasi gani?

Chini ya dola mbili.

Sinema yenyewe ni Halloween, ya mwaka 1978. Iliongozwa na John Carpenter, akaiandika pamoja na Debra Hill. Hawakuwa wazee hao. Carpenter alikuwa na miaka 30, Hill hajafika. Bajeti yao ilikuwa kama dola 300,000, ambazo kwa Hollywood ni hela ya chai. Ilibidi wampatie sura adui wao, ambaye kwenye mswada walimwita tu Umbo. Kazi ikamwangukia Tommy Lee Wallace, fundi wa mandhari. Mwenzetu hakwenda kumtafuta mchongaji bingwa. Alikwenda kwenye duka la vitu vya mazingaombwe, mtaa wa Hollywood Boulevard, akarudi na vinyago vya mpira ambavyo mtoto yeyote angeweza kununua. Kimoja kilikuwa cha Emmett Kelly, mchekeshaji wa sarakasi mwenye uso wa huzuni. Kingine kilikuwa cha Kapteni Kirk, stelingi wa Star Trek, yaani sura ya mwigizaji William Shatner.

Sasa tazameni alichokifanya. Aling'oa nyusi. Akabandua sharafa. Akapanua matundu ya macho. Akakipulizia rangi nyeupe, akazivuruga nywele. Basi! Hakuongeza pembe, hakuongeza jino, wala kovu, wala tone la damu. Karibu kazi yote ilikuwa ya kupunguza.

Na hapo ndipo sisi tunapochemsha. Adui wetu anaingia ukurasa wa kwanza tayari ana macho mekundu kama kaa la moto, kucha za chui, sauti ya radi, na historia nzima ya nani alimloga na kwa nini. Msomaji keshamjua mpaka ukoo wake, atamwogopa vipi? Nyusi ndizo zinazotuambia mtu amekasirika, amefurahi, au anaona huruma. Ziondoe, utabaki na uso usioweza kubembelezwa. Mtazamaji anaukodolea macho, hapati jibu, mwisho anaujaza kwa hofu yake mwenyewe. Tena kumbukeni, chini ya ile rangi nyeupe kuna sura ya mtu mwema, mwokozi wa watu! Hilo ndilo linalokera moyo: unahisi unamfahamu, halafu humfahamu.

Najua wakubwa wa fasihi watasema huu ni wizi, vijana wanaiga tu. Nawajibu hivi. Carpenter mwenyewe hajaficha kwamba aliathiriwa na sinema ya Kifaransa ya Georges Franju ya mwaka 1960, yenye binti anayevaa kinyago cheupe kisicho na uhai. Na kinyago chake kilitoka kiwandani. Suala siyo umekiokota wapi, suala ni umekifanya nini. Anayebadilisha majina ya wahusika tu na kuacha nyusi zote mahali pake, huyo ni mwizi na tumshike. Lakini aliyekichukua kitu cha watu akakigeuza mpaka mashabiki wa Kapteni wakakaa ukumbini bila kumtambua Kapteni wao, huyo ni msanii.

Wala msinielewe vibaya. Sisemi umaskini ni kipaji. Vijana wale walibana kwenye kinyago, hawakubana kwenye kila kitu. Walikodi kamera za Panavision. Walikuwa na Dean Cundey, mpiga picha aliyejua kuuacha ule uso gizani mpaka dakika inayostahili. Nick Castle alikivaa akatembea polepole, bila kelele, na muziki Carpenter alitunga mwenyewe. Sisi kamera yetu ni lugha. Kwa hiyo ukikosa hela, kosa hela, usikose sentensi. Mtu anayeandika haraka haraka, hasomi alichoandika, halafu anamlaumu mchapishaji, huyo ameuza kamera akanunua vinyago kumi.

Na hela zikija? Mwaka 1998 ilitoka Halloween H20, yenye fedha nyingi kupita ile ya kwanza. Kinyago kilibadilishwa mara kadhaa ndani ya sinema hiyo moja. Mahali pamoja kilichorwa kwa kompyuta! Ukiitazama kwa makini unamwona adui akibadilika sura kama kinyonga. Ilipofika 2018, sinema mpya ilirudi kwenye sura ile ile ya dola mbili, safari hii ikiwa na makunyanzi ya miaka 40.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Kwa heshima zote, katika kazi yetu methali hiyo ni sumu. Wallace amesimulia kwamba walikijaribu kwanza kile cha mchekeshaji, na kilitisha kweli. Lakini kilipovaliwa kile cha Kirk, waliokuwapo walijua papo hapo kwamba utafutaji umekwisha. Hao ni watu waliojua bei yake na duka lilikotoka, na bado kiliwasisimua.

Basi, mshkaji, kabla hujaleta mswada wako hapa, usome usiku ukiwa peke yako. Usipokutisha wewe uliyeuchonga, usituongezee damu. Rudi ukang'oe nyusi.