Wimbo wa mwanao u tayari kweli?

HUENDA nyumbani mwako mna kijana ambaye likizo nzima amekuwa akiingia na kutoka studio, na huenda wewe ndiwe uliyegharamia saa hizo. Sasa wimbo umekamilika, na nia ni kuupeleka Boomplay au Spotify, ambayo ilianza huduma zake nchini Februari 2021. Hapa ndipo wengi huteleza.

Aghalabu msanii huupitisha wimbo kwa wakala wa usambazaji, naye hutaka nakala kuu iliyo kamili, yaani faili ya aina ya WAV au FLAC. Ile MP3 mliyofurahia kwenye simu haifai. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi. Wapo wajanja wanaoigeuza MP3 kuwa WAV wakidhani wameponya jambo. La hasha! Faili hunenepa tu, lakini sauti ni ile ile.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa salio, mwambie mwanao adai WAV ya biti 24, sampuli 44,100 kwa sekunde (kiwango kile kile cha sampuli kinachotumika kwenye CD tangu 1982). Asingoje mwaka upite. Kompyuta za studio huharibika kama zingine, na wimbo ukipotea humo, itabidi kulipia saa nyingine.

Kisha kuna suala la kelele. Watayarishaji wetu hupenda kuubana wimbo hadi ulie kama spika za matatu. Mambo ya streaming hayaendi hivyo. Spotify hupima ukali wa wimbo mzima, jinsi sikio linavyousikia, na kwa kawaida huurekebisha hadi karibu -14 kwa kipimo cha LUFS. Wimbo uliopigiwa kelele huteremshwa, na kwa kuwa ngoma zake zilikwisha kubanwa, husikika mnyonge kando ya wimbo uliotengenezwa kwa utulivu. Pia, kilele cha sauti kisipite desibeli -1, la sivyo faili ikibanwa na huduma hiyo huenda ikaanza kukwaruza. Mtayarishaji akikucheka kwa kuuliza haya, tafuta mwingine.

Usisahau ISRC, ile nambari ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12. Kila rekodi ina yake, na toleo jipya la wimbo hupewa nyingine. Kijana akihamia kwa wakala mwingine na rekodi ile ile, aende na nambari ile ile. Asipofanya hivyo, hesabu ya waliousikiliza yaweza kugawanyika. Hilo si dogo, kwani tangu 2024 Spotify huwa hailipi rekodi ambayo haijasikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia. Rekodi moja ikihesabiwa kama mbili, 600 huku na 600 kule, mwanao hapati hata ndururu.

Mwisho, mwacheni dada au kaka yake ausikilize wote kwa vipokea-sauti vya bei rahisi, kuanzia sekunde ya kwanza. Mara nyingi pumzi ya kwanza ya mwimbaji hukatwa, au mwisho wa gitaa hunyongwa ghafla, na aliyeuimba wimbo huo mara mia hasikii tena.